Rakaa Mbili za Sur

Watu walikuwa wakitoka msikitini baada ya sala ya alasiri tulipoteremka basini katika mji wa Sur, pwani ya mashariki ya Oman, sisi marafiki wanne, kila mmoja na shanta lake la mgongoni lililochakaa kwa siku kumi na saba za kurushwa juu ya magari, kulaliwa jangwani na kuegemewa katika baraza za watu, na kabla hatujauliza njia ya kwendea nyumba ya wageni tuliyoelekezwa kwa ajili ya urahisi wake, mwenzetu wa Lamu, ambaye tangu Maskati tulimfanya imamu wetu kwa elimu aliyotoka nayo chuoni, alitua mzigo wake mbele ya msikiti, akatutazama mmoja mmoja, akauliza: "Jamani, hapa twasali ngapi?"

Swali lenyewe ni la kifikihi, na jibu lake lapatikana katika vijitabu vya sala wanavyosoma watoto, walakini mimi naliona hata leo kuwa ndilo gumu kuliko yote tuliyoulizana katika safari ile. Musafiri, kama ajuavyo kila aliyelelewa katika mwambao wetu, ana ruhusa ya kuzipunguza sala za rakaa nne, yaani adhuhuri, alasiri na isha, akazisali mbili mbili. Na sisi, isipokuwa pale tulipomfuata imamu mkaazi, tulikuwa tumesali mbili mbili tangu tulipotoka makwetu, tukazisali Nizwa chini ya mnara wake wa mviringo, tukazisali juu ya Jabal Shams penye baridi ya kuumiza vidole, tukazisali mchangani baina ya Ibra na bahari, hata rakaa mbili zikawa kama vazi la safari, jepesi, lililokwisha kuuzoea mwili. Lakini ruhusa hiyo ina ukomo. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu wa pwani, mtu akinuia kukaa mahali siku nne kamili, bila ya kuhesabu siku ya kuingia wala siku ya kutoka, basi usafiri wake hukatika pale pale anapofika. Nasi tuliingia Sur siku ya Alhamisi na tulikuwa tumekwisha kukata tiketi za basi la Jumanne asubuhi, ili usiku wake tupande ndege Maskati. Tukahesabu kwa vidole: Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, Jumatatu. Nne, hazipungui hata moja.

Mwenzetu wa Pemba, ambaye hakosi neno, akasema, "Mimi sikunuia kukaa siku nne. Mimi nimenuia kuondoka Jumanne." Tukacheka sote, hata imamu wetu, lakini kicheko kilipokwisha nikaona kwamba mzaha ule ulikuwa umegusa kitu. Maana ni kweli kwamba mtu anayenuia kuondoka siku maalumu na mtu anayenuia kukaa mpaka siku ile huamka pamoja na hulala pamoja, hula sahani moja na huhesabu siku zile zile, na malaika mwenye kuandika tu ndiye awezaye kuwatenga. Na ikiwa wanatengana kweli, basi uwepo wa mtu mahali si jambo la miguu yake, bali ni la kile alichojifungia moyoni.

Imamu wetu akahukumu nne. Tukaingia msikitini, tukasali nne, na zile mbili za mwisho, nakiri, zilinilemea. Katika kuinuka kwangu kuiendea rakaa ya tatu ndipo safari iliponiishia, siku tano kabla ya ndege.

Tokea hapo nimekuwa nikitafakari siku gani mgeni huacha kuwa mgeni, nikaona kwamba wanadamu wamelishughulikia suala hili kwa namna nyingi kuliko nilivyodhani. Wazee wetu wamesema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na watu wengi hulitaja neno hili kama kwamba ni la kumfukuza mtu, ilhali mimi nadhani ni la kumkaribisha zaidi, kwa kuwa jembe hapewi mpita njia. Hupewa yule ambaye sasa amehesabiwa kuwa na sehemu katika njaa na shibe ya mji. Katika dini ugeni wenye haki umewekewa siku tatu, na kinachozidi hapo ni sadaka. Wafuasi wa Imamu Abu Hanifa humwacha musafiri na usafiri wake mpaka anuie siku kumi na tano. Na hao hao Mashafi, walio wakali katika siku nne, humlegezea yule anayengojea haja yake akitaraji kila siku kwamba itatimia, wakampa mpaka siku kumi na nane. Ama Maibadhi, ambao ndio wenyeji wa bara ya Oman, wao hawana hesabu ya siku kabisa: mtu akitoka mjini kwake masafa ya farsakh mbili, kiasi cha kilomita kumi na mbili, kupunguza kwake huwa ni wajibu, si ruhusa tu, na huendelea hivyo hata akikaa miaka, maadamu hajapafanya pale kuwa makao yake.

Nikikusanya hesabu hizi zote naona kwamba fukaha walikuwa wakipima siku kwa kuwa siku huonekana, lakini walichokuwa wakikitafuta ni nia, ambayo haionekani. Na ushahidi wangu ni Abdullah bin Umar. Huyu ndiye sahaba ambaye Mtume alimshika bega akamwusia aishi duniani kama mgeni au mpita njia, wasia ambao wahubiri wetu huutumia kwa wepesi mno, aghalabu wakiwa wametoka katika nyumba zenye milango ya chuma. Basi imepokewa kwamba Ibn Umar huyo alizuiliwa na theluji huko Azerbaijan muda wa miezi sita, na miezi yote sita akasali mbili mbili, kwa kuwa kila siku alikuwa akingojea njia ifunguke. Nashangaa sana nikiwaza kwamba wasia ule wa ujanani ulimrudia mtu mzima katika umbo la barafu. Wala hakuwa fakiri asiye na pa kurudi. Alikuwa na nyumba yake na mali yake Madina. Kuwa mpita njia, kwa hivyo, hakukuwa kukosa makao. Kulikuwa ni kutokujidanganya kuhusu pale ulipo.

Na mji wa Sur, kwa yeyote anayependa kuwaza mambo kama haya, ni darasa tosha. Kwa karne nyingi majahazi yalitoka hapa na kaskazi, yakashuka mpaka Lamu, Mombasa na Unguja na tende na chumvi, yakangoja huko mpaka kusi lianze kuvuma, kisha yakarejea na boriti za mikoko za kuezekea nyumba ambazo baadhi yake zingali zimesimama. Baina ya kaskazi na kusi palikuwa na majuma na miezi ya kungoja, na katika kungoja huko mabaharia walioa, wakazaa, wakajifunza lugha, wakazikana. Na mara nyingi nimejiuliza baharia wa Sur aliyekuwa na mke Funguni kule Unguja na mke hapa Al-Ayjah, ng'ambo ya hori, alikuwa akisali nne upande gani wa bahari, au pengine kote kuwili, asiwe musafiri ila juu ya maji. Sayyid Said bin Sultan mwenyewe, mtawala wa Oman aliyeifanya Unguja kuwa kiti cha enzi yake, alifariki Oktoba 1856 katika bahari ya karibu na Shelisheli, akitoka Maskati kwenda Unguja. Wanahistoria husema alikuwa akirudi nyumbani. Nami husema, kutoka nyumba ipi kwenda ipi?

Siku ya Ijumaa tulikwenda kulitazama jahazi la Fatah al-Khair, lililojengwa hapo hapo Sur mwaka 1951, likauzwa ng'ambo, kisha wenyeji wakachangishana fedha wakalinunua na kulirudisha kwao. Limewekwa nchi kavu karibu na hori, limepakwa mafuta likang'aa, na nakshi za tezini zimehifadhiwa vizuri. Mwenzetu wa Tanga alilizunguka mara mbili, akasema kwamba hajapata kuona jahazi zuri namna ile wala lenye huzuni namna ile. Sikumwuliza alikusudia nini.

Nalitaja neno lake hilo kwa makusudi, kwa sababu kesho yake tuligombana naye. Ndiye aliyeshika mfuko wetu wa shirika, na siku ya Jumamosi, katika kufunga hesabu, ilionekana imepungua riali moja na baisa mia tatu, fedha ambayo katika siku za mwanzo wa safari tungeitoa kwa furaha tukanunua halua, lakini jioni ile tuliijadili mpaka magharibi, nani alikula nini Ibra, nani alilipiwa gari ya kupandia Jabal Akhdar akaahidi kurudisha, mpaka yakafukuliwa maneno ya Nizwa tuliyokuwa tumeyazika. Wanavyuoni wa Kiarabu, na Imamu Ghazali miongoni mwao, wamesema kwamba safari imeitwa safari kwa kuwa hufunua tabia za watu, maana katika shina la neno hilo mna maana ya kufunua; na kila mtu hulikubali neno hili akidhani kwamba ufunuo huo hufanywa na taabu. Mimi sikuona hivyo. Juu ya Jabal Shams, tulipokuwa na birika moja na hema moja na upepo ukitaka kuvichukua vyote viwili, hatukugombana hata kwa jicho, kwa kuwa kila mmoja alikuwa akimhitaji mwenziwe mpaka asubuhi. Tuligombana Sur, penye vitanda na maji ya moto. Ugomvi ni anasa ya watu waliokaribia kwao. Ilikuwa kila mmoja amekwisha kurudi mjini kwake kwa moyo, na kutoka huko alikuwa akiwadai wenziwe kama wadaiwa wa mbali. Baisa zile hazikuonekana hadi leo.

Na si katika fedha tu. Tangu Alhamisi nilianza kuona kwamba mwenzetu wa Tanga haangalii tena. Akipita barabarani hutazama bei za kanzu na manukato ya kuwapelekea watu wa nyumbani, na ukimwonyesha kitu husema "ndiyo" kabla hajageuza uso. Mimi kwa upande wangu nilishikwa na maradhi kinyume cha hayo: nilitaka kukitia kila kitu machoni, nikapiga picha hata za milango iliyofungwa, nikakasirika jua likichwa mapema. Nilimlaumu yeye kwa kuondoka kabla ya siku, na sikujiona kuwa nami nilikuwa nikikataa kuondoka siku ikifika. Naye na mimi, kwa njia mbili, tulikuwa tumeiacha adabu ya musafiri.

Jumapili usiku tulikwenda Ras al-Jinz, mwendo wa kilomita zipatazo arubaini, kutazama kasa. Imamu wetu alitukumbusha kwamba masafa hayo hayafiki marhala mbili, ambazo ndizo Mashafi huzishurutisha kwa kupunguza sala, basi hayaturudishii ruhusa yetu. Tukaketi mbali gizani, tukamtazama kasa mmoja akipanda kutoka baharini kwa uzito, akichimba, akitaga, akifukia, akirudi.

Siku ya Jumatatu, jioni yetu ya mwisho, tulikuwa tumekaa ukingoni mwa hori tukizungumza Kiswahili chetu cha miji minne, na mzee mmoja aliyekuwa akipita na mkongojo, kanzu yake nyeupe na kofia ya kufumwa, alisimama akageuka mzima mzima.

"Wanangu, mwatoka wapi?"

"Shikamoo, babu," tukamwamkia pamoja.

"Marahaba. Marahaba," akaitikia mara mbili, mara ya pili kwa sauti ya chini, kama mtu anayeonja kitu ambacho hajakila siku nyingi.

Alikuwa mzaliwa wa Unguja, wazee wake watu wa Ibra, naye alikuja Oman katika miaka ya sabini, baada ya Sultani Qaboos kushika nchi na kuwafungulia mlango Waomani wa Afrika Mashariki. Hapo Sur alikuja kumtazama binti yake. Tulimketisha, tukamwagia kahawa katika kikombe chetu cha bati, akatuuliza habari za Malindi ya Unguja, za Darajani, za watu ambao hatukuwajua, na kila tulipojibu kwamba hatumjui fulani aliinamisha kichwa kama aliyepokea tanzia. Ndipo mwenzetu wa Lamu, ambaye suala la Alhamisi lilikuwa halijamtoka, akamwuliza, "Babu, ulipofika huku, ulisali ngapi?"

Mzee akacheka mpaka akaushika mkongojo. "Mbili. Miaka minne nasali mbili! Mke wangu akinicheka, akiniambia, musafiri gani wewe, watoto wako wanasoma skuli hapa? Nami nikimwambia, mimi sijanuia." Akanywa funda moja. "Kisha nikanunua athari moja ya maji, kule Ibra. Siku ile nikasali nne. Nikalia, wanangu, nakwambieni kweli."

Yapasa nieleze athari ni nini, maana bila ya hilo neno la mzee halina uzito. Nchi ya Oman ni kavu, na mashamba yake hunyweshwa kwa falaj, mifereji iliyochimbwa kutoka visima vya chini ya milima, ikapitishwa chini ya ardhi pengine kilomita nyingi kwa mteremko mdogo usioonekana, mpaka ikatokea kijijini. Mitano kati ya mifereji hiyo, ukiwamo Falaj Daris wa Nizwa, ilitiwa katika urithi wa dunia mwaka 2006. Maji hayo kwanza hupita mahali pa kuchotwa ya kunywa, kisha penye kutawadhia na kuogea, ndipo yafike katika mitende. Na maji ya mashamba hayagawanywi kwa ndoo wala kwa pipa. Hugawanywa kwa wakati. Mtu humiliki athari, kiasi cha nusu saa, ambayo zamani ilipimwa mchana kwa kivuli cha jua na usiku kwa kuchomoza kwa nyota zijulikanazo, na wakati wake ukifika hufungua mlango wa mfereji wake, mto mzima ukawa wake, na wakati ukiisha huufunga kwa jiwe na kitambaa, maji yakaenda kwa mwenziwe. Tuliyaona hayo katika kijiji cha Misfat al-Abriyyin, na hatukuyafahamu. Tuliona mtu anaziba mfereji wakati shamba lake halijalowa sawasawa, tukamwonea huruma. Tulikuwa hatujajua kwamba yeye hakupungukiwa na kitu: alikuwa amepata chake chote.

Nikaona basi kwamba mzee hakununua maji, kwani maji hayashikiki, alinunua zamu. Alikubali kuwa mmoja katika duara ya watu wanaongojana, na kwa kukubali huko miaka yake minne ya kungoja njia ifunguke ikafika mwisho. Shauku yake ilikuwa Unguja, na bila shaka iko huko hata sasa. Lakini nia yake ilikuwa imefungwa Ibra, kwa fungu la nusu saa, na fukaha, ambao wengi huwadhania kuwa ni watu wakavu wa kuhesabu siku na farsakh, walikuwa wamekwisha kujua tofauti ya mambo haya mawili tangu zamani, wakaikataa shauku isiwe hoja. Hakuna madhehebu hata mamoja, katika haya niliyoyataja, yanayomwuliza mtu anapenda wapi.

"Na Unguja, babu?" mwenzetu wa Pemba akamwuliza. "Hujarudi?"

"Nilikwenda mwaka juzi. Nikaifikia nyumba niliyozaliwa. Mna watu wengine, watu wema sana, wakanitandikia msala katika chumba cha mamangu." Akanyamaza kidogo, akazungusha kikombe. "Nikasali mbili."

Hapakuwa na aliyesema neno. Jua lilikuwa limegusa vilima vya nyuma ya mji, na mnara wa Al-Ayjah ukawaka taa yake ng'ambo ya maji. Mwenzetu wa Tanga, ambaye hatukuwa tumesemezana naye vizuri tangu Jumamosi, alichukua birika akammiminia mzee kahawa iliyobaki, kisha akanimiminia mimi, akajisahau mwenyewe. Nami nikampa kikombe changu nusu, akakipokea.

Jumanne tukafunga mashanta. Tulipofika Maskati adhuhuri tukasali mbili, na alasiri tukaisogeza tukaikusanya pamoja nayo, mbili, katika chumba cha kusalia cha uwanja wa ndege, tumezungukwa na watu wenye viatu mikononi wanaotazama saa. Na katika rakaa zile fupi wepesi ulinirudia, pamoja na huzuni ambayo sikuwa nayo mara ya kwanza nilipozisali. Alfajiri tukaagana mbali mbali, kila mtu na chombo chake, kwa kupeana mikono bila ya hotuba.

Usiku wa Jumatano nilikuwa nyumbani kwetu Mombasa. Walikuwapo mjomba wangu na wadogo zangu, na ilipofika isha wakanitanguliza niwasalishe, kama ilivyo ada kwa aliyetoka safari. Nikasoma, nikarukuu, nikasujudu, nikaketi baada ya rakaa ya pili, nikatoa salamu kulia.

"Subhanallah," akasema mjomba nyuma yangu.

Nikabaki nimegeuza shingo. Kisha nikainuka nikatimiza mbili zilizobakia, nikasujudu sijda ya kusahau. Na shanta langu lilikuwa lingali pale mlangoni nilipolitua, halijafunguliwa.